Masomo Yangu Yamehesabiwa

Brandt Creek, Iowa
Mei 14

Mpendwa Dada Arlys,

Nakusalimu kwa moyo wote. Goti linaendeleaje tangu upasuaji? Shemeji Merlin anasema bado unapanda ngazi kisirisiri. Acha ukaidi! Huku tu wazima, na mahindi yameanza kuchipua.

Dada, Ijumaa iliyopita nilihitimu upimaji wa ardhi. Mimi na miaka yangu arobaini na tisa, nimevaa joho pamoja na vijana wanaoniita mama.

Haikuwa rahisi. Nilipojiandikisha chuo cha hapa, nilipeleka matokeo yangu ya hesabu ya zamani, kutoka chuo nilichoanzia ujanani. Mwalimu wa hesabu, Bwana Vander Ploeg, alisema hayo hayatambuliwi hapa, nirudie yote. Ingenichukua mwaka mzima zaidi, na mgongo wangu haukuwa na mwaka mwingine wa kukata nyama kule kiwandani.

Bahati nzuri, wakati huohuo idara ya elimu ya jimbo ilikuwa imewaita mjini Des Moines walimu wa vyuo vyote vya jamii, hivi vyetu vya miaka miwili, wakubaliane kila somo lifundishe nini, ili anayehama chuo asianze upya. Bi. Renae, mshauri wetu wa wanafunzi, akanichukua nikaeleze yaliyonikuta.

Bwana Vander Ploeg akasimama mbele ya wote akasema, “Huko hatujui walimfundisha nini.”

Sijui ulimi niliupata wapi. Nikamwuliza, “Samahani, Mwalimu, pembetatu ya huko kwao ina pembe ngapi?”

Ukumbi ukaangua kicheko. Naye akacheka, lakini hakuniachia. “Tatu, mama, nakubali. Haya, njoo ubaoni utupimie upana wa mto bila kuuvuka.”

Nikachora, nikakokotoa, chaki ikinivunjikia mara mbili. Alikagua mstari kwa mstari, kisha akasema polepole, “Huyu alifundishwa vizuri.” Tangu siku hiyo alikaa na wenzake miezi saba wakilinganisha mitaala, na yeye ndiye aliyebishania kila koma. Majira ya kuchipua yaliyofuata vyuo vyote vikakubaliana. Hesabu yangu ikahesabiwa. Hata chuo kikuu kimenikubali niingie moja kwa moja mwaka wa tatu! Siku ya mahafali Bwana Vander Ploeg alinipigia makofi hadi miwani ikamtoka.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu.

Kila Krismasi unaniomba radhi kwamba niliacha masomo nimuuguze Mama kwa kuwa wewe hukuweza kuacha kazi. Si kweli, Dada. Niliacha wiki tatu kabla Mama hajaugua. Tulipohama na mume wangu Duane, chuo kipya kiliniambia yote niliyosoma ni bure, nianze moja. Niliona aibu, nikadhani wamegundua mimi ni mjinga. Ugonjwa wa Mama ukanipa pa kujificha, nami nikakuacha ubebe mzigo usio wako miaka ishirini na sita.

Hukuninyima kitu. Nisamehe. Ukitaka kunikasirikia kwanza, nikasirikie, nastahili. Ila usiniombe radhi tena, hata mara moja.

Msalimie Shemeji na wajukuu. Jumatatu naanza kazi na timu inayopima barabara mpya ya kaunti.

Mdogo wako akupendaye,
Twyla Haverkamp,
fundi mpimaji