Makaa Yasiyo na Moshi

Al Nahda, Dubai
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Baridi ya huko juu Cherangani imekuachaje? Kifua kimepungua? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akimpiga ndama wake mateke, amekubali kumnyonyesha? Sisi huku ni wazima. Mwanao ni mzima, na neno hilo lina uzito wake, kama utakavyoona ukisoma hadi mwisho. Tafadhali soma hadi mwisho, Mama. Vaa miwani yako, kaa kitako, usione uvivu. Kuna jambo moja tu ninalokuomba, na siwezi kuliomba kabla sijakueleza lilikotoka.

Bado hatujaonana ana kwa ana. Siku ya harusi ulituona kwenye simu ya wifi yangu Jerop, picha ikikatikakatika, na mimi nikavisikia vigelegele vyako kabla sijaiona sura yako. Nililia mpaka wanja ukanichafua. Lugha yenu bado najifunza kwa mwanao, naye hunifundisha maneno ya kuchekesha watu kwanza, salamu anasema zitakuja baadaye. Ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili, kama Biblia yako.

Acha nianze kwa kumsifu, kwa sababu nikianza na yale mengine nitaishiwa nguvu. Mama, ulinilelea mume! Kutwa anasimama mlangoni mwa jengo la ofisi kule Jumeirah Lake Towers, watu wanapita kana kwamba yeye ni nguzo, na akitoka kazini swali lake la kwanza kwangu ni kama nimekula. Hajawahi kuja kuniona mikono mitupu, hata kama ni chungwa moja tu. Nikimwona anakuja kwa mbali na ule mwendo wake wa mtu wa milimani, moyo wangu unasahau kwamba tumeshaoana, unaanza kudunda upya.

Lakini hatuishi pamoja. Yeye hulala kwenye kambi ya kampuni, chumba kimoja na walinzi wenzake. Mimi nasafisha vyumba katika hoteli ndogo Al Muraqqabat, na hapa Al Nahda nina kitanda cha chini chenye pazia. Cha juu ni cha Zuhura wa Mombasa. Tangu harusi tulikuwa tunakutana kituo cha metro na kwenye bustani kama watoto wa shule. Naona haya kukuandikia hivi, lakini wewe pia uliwahi kuwa bibi harusi.

Kwa hiyo siku zetu za mapumziko zilipokutana kwa mara ya kwanza, Kiprop alinipigia simu akasema, "Mwende, nakujengea nyumba."

"Wapi?"

"Msituni."

Zuhura alikuwa anasikiliza kutoka juu. Akachungulia chini. "Msitu gani Dubai, shemeji? Sema unampeleka mtoto wa watu kumfukia mchangani!"

"Wewe Zuhura lala," Kiprop akajibu. "Msitu upo. Sema wewe hujui kitu ila maduka ya Deira."

Na kweli upo, Mama. Nje kabisa ya mji, upande wa milima, kuna bonde lenye miti wanayoiita ghafu. Inafanana na migunga yetu ya Kitui, matawi yameinama, majani madogo, mizizi inakunywa maji ya chini sana. Huruhusiwi kukata hata tawi bichi. Bakari, kaka yake Zuhura, ambaye husambaza mboga kwa pikapu, alitupeleka alasiri. Alipotushusha alituangalia na mizigo yetu: turubai la buluu, kamba, kisu, sufuria, karai la bati, mfuko wa makaa na blanketi mbili.

"Hii ndiyo fungate?" akauliza. "Hata mto hakuna?"

"Mto ni bega langu," akasema Kiprop.

"Haya. Nakuja kesho asubuhi nikishuka na mboga. Mkigombana msinipigie, mimi si kadhi. Yalla, nimeondoka!"

Na hata kama tungetaka kumpigia tusingeweza. Mle bondeni simu haikuwa na mtandao.

Laiti ungemwona mwanao akifanya kazi! Alikuwa mtu mwingine. Alifunga kamba kati ya miti miwili kwa mafundo ambayo alisema marehemu baba yake alimfundisha wakienda kurina asali. Akatupa turubai juu yake, akachonga vigingi kutoka kwenye vijiti vikavu vilivyoanguka, akavipigilia kwa jiwe. Akatandika nyasi kavu chini ya blanketi. Upepo ulipoanza kupenya chini ya turubai, akasukuma mchanga pande zote akaziba, akabakiza mlango mdogo upande mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa nikipika chai na kumwangalia tu. Nilimwambia, "Kumbe niliolewa na fundi." Akasema, "Uliolewa na mtoto wa Mama." Ndivyo alivyosema, Mama, nakuapia.

Jua lilipozama, baridi iliingia kama mtu asiyebisha hodi. Watu hudhani jangwa ni joto tu. Mwezi wa kwanza mle bondeni pumzi ilikuwa inatoka mdomoni kama moshi, na mimi ni mtu wa Kitui, baridi naijua kwa kusikia. Meno yaligongana. Kiprop alinivisha koti lake, soksi zake, kofia yake, na bado nilitetemeka. Akaniangalia kwa huruma, kisha akasema, "Subiri. Najua dawa."

Akaenda kwenye moto, akachagua makaa yaliyokwisha kuwa mekundu, akayaweka kwenye karai na kuyafunika kwa majivu. Nikamwuliza kama hatutakohoa. Akacheka. "Mama yangu ametulea hivi. Kila msimu wa baridi. Anasema makaa yakishaacha moshi na kuvaa majivu, ni mapole kama mtoto aliyelala." Akaliingiza karai ndani, akaliweka upande wa miguu yake, akafunga mlango wa turubai.

Mama, palikuwa na joto zuri! Nilijiona niko kwako, jikoni kwako, nimepokelewa. Nilimwomba anipishe nilale upande wa mlango, kwa sababu kwetu kiangazi tunalala nje na mimi sipendi kulala nikiwa sioni mbingu. Akanung'unika kwamba mwanamume ndiye hulala mlangoni. Nikamwambia hapa hakuna simba. Akakubali. Nilisogeza pua yangu kwenye ule ufa mdogo wa mlango, nikalala nikiwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote katika nchi hii.

Niliamka bado giza. Kichwa kilikuwa kinapigwa kama kinu. Nikadhani ni baridi, au ni ile nyama tuliyochoma. Nikamwita, "Kiprop." Kimya. Nikamtikisa bega. Alikoroma mkoromo wa ajabu, mrefu, halafu ukakatika. Yeye hupenda mizaha, hujifanya amelala ili nimfinye. Nikasema, "Wacha mchezo, naumwa." Nikamfinya kweli. Hakushtuka. Nikamwinua mkono, nikauachia, ukaanguka kama si wake.

Hapo ndipo nilipoanza kupiga kelele. Nilimvuta kwa makwapa, hakusogea hata kidogo. Unajua uzito wake. Na kadiri nilivyozidi kumvuta, ndivyo miguu yangu ilivyolegea na macho kuona giza juu ya giza. Nilitambaa nje nitapike, na hicho kichefuchefu ndicho kilichotuokoa, maana nilipokaa mchangani na kuvuta hewa baridi mara kadhaa, kichwa kilianza kutulia. Nikarudi ndani kumwita, kikaanza tena. Nikatoka, kikatulia. Nikaelewa, Mama. Sikujua ni nini, lakini nilielewa kwamba ubaya uko ndani ya ile nyumba, na mume wangu yuko humo nao.

Kumtoa siwezi. Kwa hiyo nikasema, basi nyumba itoke juu yake. Nilipapasa nikapata kisu chake kando ya sufuria, nikavuta pumzi, nikaikata ile kamba kubwa kati ya miti miwili. Turubai likamwangukia! Nusura nife kwa hofu. Nikakimbilia vigingi vya upande wa upepo, nikakata kamba moja moja, nikafukua mchanga kwa kucha, na upepo ukaingia chini ukalivuta turubai lote likaruka hadi kwenye miti. Karai nililipiga teke likabiringika na makaa yake mbali.

Akabaki amelala waziwazi chini ya nyota. Sikusikia pumzi yake. Niliweka sikio kifuani, nikasikia moyo wangu mwenyewe tu. Nikampiga makofi, nikamsugua kifua, nikaomba kwa Kikamba, nikaomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa yale maneno machache ya lugha yenu ninayoyajua, na Mungu anisamehe, maana si maneno ya sala. Nilikuwa nafikiria jambo moja: nitampigia mama yake simu nimwambie nini? Mtu ambaye hajawahi hata kunishika mkono.

Kisha akakohoa. Kikohozi kidogo, kibaya. Akavuta hewa kama mtu anayetoka chini ya maji, akatapika, na akasema neno la kwenu nisilolijua. Nilimkumbatia nikalia kama kichaa. Baadaye nilimwuliza alisema nini. Alisema, "Nani amefungua mlango?"

Hakuweza kusimama. Nilimfunga blanketi zote mbili, nikamwegemeza kwenye mti, nikamshika hivyo mpaka kulipokucha, kila akifumba macho namtikisa. "Niache nilale kidogo tu." "Hulali." "Mwende, wewe ni mkatili." "Ndiyo, mimi ni mkatili. Niambie majina ya ng'ombe wa kwenu." Alinitajia wote, akarudia, akakosea, nikamfanya aanze upya.

Bakari alipofika alianza na maneno yake, "Maharusi! Nyumba imeenda wapi? Mmegombana hadi mkabomoa?" Halafu akaiona sura ya Kiprop. Alimwaga kreti za mboga barabarani bila neno, tukamlaza nyuma, akaendesha.

Hospitalini daktari hakuuliza mengi. Aliuliza, "Mlikuwa na makaa ndani?" Wakamvisha kifuniko cha hewa usoni, akakaa nacho mpaka jioni. Nesi mmoja Mfilipino alinieleza taratibu, kwa sababu sikuwa naamini. Alisema si moshi unaoua. Moshi unakukohoza, unakufukuza, unatoka. Lakini makaa, hata yale mekundu yasiyo na moshi, hata yaliyofunikwa majivu, hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka. Unaivuta ukiwa usingizini, inaingia kwenye damu, nawe huamki. Nilimwambia, "Lakini watu wa kwao wamelala hivyo miaka yote." Akaniuliza, "Wote waliamka?"

Nilimwambia Kiprop swali hilo. Akanihadithia habari ya shangazi yake aliyekutwa amefariki na mtoto wake mgongoni, mlango umefungwa, na watu wakasema ni kijicho cha jirani.

Sasa unaelewa, Mama. Wiki iliyopita alipokupigia simu akasema, "Mama, usiingize makaa ndani," ulicheka ukamwambia amekuwa mtoto wa mjini. Alishindwa kuendelea. Alikuficha kwamba aliugua. Nilimwuliza kwa nini hakukwambia ukweli, akasema, "Nitamwambiaje Mama kwamba alichonilea nacho kinaua? Alikuwa anatupenda." Nikamjibu, "Na wewe ulikuwa unanipenda ulipoleta lile karai." Mwishowe akasema, "Mwandikie wewe."

Basi mimi ndiye ninayekuandikia, mkaza mwana ambaye bado hajakupikia hata kikombe cha chai, na ninajua si desturi nikufundishe jinsi ya kulala nyumbani kwako. Lakini nimekishika kifua cha mwanao nikakosa pumzi. Tafadhali, ota moto jikoni mlango ukiwa wazi, na ukienda kulala, karai libaki nje. Lote, hata likiwa majivu matupu. Kiprop anasema jiwe kavu likipashwa moto na kufungwa kwenye gunia hukaa na joto hadi alfajiri. Blanketi zito nimelikabidhi kwa mwenzangu anayeleta barua hii, na akifika Eldoret atakupigia. Ni lako na la mjukuu wako mdogo, huyo anayelala mgongoni pako, ambaye hawezi kuamka akakuita.

Nisalimie Jerop, mwambie asome kwa bidii na picha za harusi zinakuja. Nisalimie baba mdogo, mpe pole ya mguu, na mkewe pia. Msalimie mchungaji wenu aliyetuombea kwenye simu, na yule jirani anayekukamulia ng'ombe ukiumwa kifua. Zuhura anasema hata yeye nimpeleke Cherangani, ila hatalala msituni.

Kama nimekosa adabu kwa barua hii, nikasirikie, Mama. Nitaipokea hasira yako kwa magoti. Ila nikasirikie asubuhi, ukiwa umeamka.

Mkaza mwanao akupendaye,
Mwende