Jina la Abdillahi kwenye mashine ya gemu

Zabibu, upo? Nina hasira!

Unaikumbuka mashine ya gemu ya marehemu Abdillahi, ile ya pale stesheni Itigi? Ukiiwasha inaandika KARIBU KWA ABDILLAHI. Fundi aliyaweka maneno hayo ndani ya faili la kuwashia, bila hilo gemu hazifunguki.

Stanley, mjukuu wa dada yangu, akaomba kulinakili faili hilo kwenye kompyuta yake kabla kutu haijaimaliza mashine. Nikampa. Na chai nikampa, na asali.

Leo nimepita kibandani kwake, anapochezesha watu gemu. Kioo kinawaka, nangoja jina la mume wangu. Kinaandika KARIBU KWA STANLEY! Kwa Stanley, Zabibu!

Namuuliza, jina la babu yako liko wapi? Anacheka mbele ya wateja: "Bibi, faili halina mwenyewe. Na babu hachezi tena."

Hachezi tena! Kaniambia mimi hivyo!

Nikaondoka. Akanifuata mpaka relini, shikamoo bibi, shikamoo bibi. Sikuitikia. Mimi ninayeitikia hata walevi wa kilabuni!

Sasa ameituma kwenye simu: Shikamoo bibi. Nimeifungua makusudi, aone nimesoma. Marahaba yangu ataipata siku kioo kile kitakapowakaribisha watu kwa Abdillahi.