Mnong'ono Uliopotea Kwenye Wimbo Wetu

Mpendwa mshauri,

Hujambo? Na kile kikohozi kilichokuwa kinakukatiza redioni kimepona? Sisi tu wazima kwa rehema za Mungu. Naomba msaada, na usinicheke.

Mimi ni mama wa makamo, mshona nguo, naimba sauti ya pili kwenye kwaya, na juzi tulirekodi wimbo aliotufundisha mama yangu mzazi, na fundi wa studio ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, kijana mwenye adabu zake. Sasa katika wimbo huo kuna mahali tunashuka, tunashuka, mpaka tunanong'ona "usiniache", halafu ndipo kwaya nzima inapasuka "Bwana!", na mama alikuwa akitugombeza kwamba tusiponong'ona vizuri, huko juu hatufiki. Basi mkwe kaleta wimbo, kauweka kwenye spika, lo! Mnong'ono uko juu sawasawa na ukelele, na pumzi yangu kati ya mistari inavuma kama cherehani! Wenzangu wakashangilia, mwenyekiti akasema, "Sasa tunasikika kama wale wakubwa!" Nikajiuliza, jamani, masikio yamezeeka? Nikampelekea mama, ambaye siku hizi haamki kitandani, akasikiliza kidogo akasema, "Zima. Mbona mnanifokea?" Mshauri, wimbo huo mama hajawahi kuukataa.

Nataka kujua, mnong'ono unapandaje bila mtu kupaza sauti? Na mkwe nitamwambiaje, naye kaifanya kazi kwa mapenzi? Wimbo uko karibu kusambazwa. Tafadhali nijibu mapema.

Wako, Mama Cherehani

*

Mama Cherehani,

Kikohozi kimepona, ahsante. Masikio yako mazima kabisa, kinachoumwa ni ulimi. Mkwe anakula mezani kwako, nawe unaniandikia mimi nisiyemjua!

Swali lako lilinikera hadi nikamfuata fundi mitambo wetu. Kumbe studio wana chombo cha kubana sauti. Mkipaza, kinawashusha, kisha fundi anaupandisha wimbo mzima, na mnong'ono na pumzi vinapanda humo humo. Kikitumika kidogo kinasaidia, maneno hayapotei. Kikizidi, ni kama wewe upige pasi sketi ya marinda mpaka marinda yote yalale. Akaniambia hata mimi hewani nimebanwa, ndiyo maana kikohozi changu ulikisikia vizuri kuliko ushauri!

Mkweo hana ubaya. Mafundi wanaogopa wimbo wao ukifuatana na wa mwingine usikike mdogo, basi kila mmoja anabana kumshinda jirani. Wenzako nao wamefurahia kelele. Lakini wewe unajua wimbo unapita wapi, na umekaa kimya. Hapo nakulaumu.

Kesho nenda studio na binti yako, na mwenyekiti awepo. Mwambie mkweo, "Baba, nifungulie wimbo ulivyokuwa kabla hujaubana, nataka kujifunza." Kisha ule uliobanwa aupunguze kwenye spika hadi ulingane na wa kwanza, ukubwa wa sauti usiwadanganye, msikilize wote wawili. Mwombe alegeze. Anayetaka kelele ataongeza kwenye redio yake mwenyewe.

Na usimpelekee mama peke yako. Mkwe aubebe wimbo uliolegezwa, akae pembeni ya kitanda, mfike pale pa "usiniache". Mwache amtazame mama usoni. Akiona bibi amefumba macho na kuisubiri ile "Bwana!", atajua mwenyewe alichokuwa amekifuta.

Niandikie upesi unijulishe mama alisema nini.