Hatua Arobaini Kutoka Langoni

Dadaab,
20 Desemba 1994.

Kwa shemeji yangu Maalim Mahat,

Assalamu alaikum. Natumai umezoea Bura, na kwamba Hadiyo ameacha kumuulizia mama yake kila asubuhi. Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio sina.

Tulipokuwa msibani kwa marehemu dada yangu uliniuliza kazi yangu kwa daktari Mfaransa. Nilijibu kwamba natunza stoo. Si hilo tu. Daktari aliletewa sanduku la divai nyekundu ya Bourgogne, jimbo la kwao Ufaransa. Aliogopa joto limeiharibu, na homa ilikuwa imemwondolea uwezo wa kunusa. Alinifundisha kuinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe nione rangi, kuizungusha, kunusa, ndipo kuonja na kutema. Nilimwambia nitanusa tu. Nikasema nasikia udongo wa mvua ya kwanza, na moshi kama wa kibuyu cha maziwa kilichofukizwa. Alicheka, akasema pua yangu imezaliwa Ufaransa. Nilimjibu kwamba imezaliwa nyuma ya ngamia wa baba.

Shajara yangu inasema: Jumanne, 8 Novemba, saa nne asubuhi. Chupa ya tatu. Ukingo wa divai una wekundu wa matofali. Nzuri kuliko zote.

Siku hiyo daktari alisema pua peke yake haitoshi. Funda la kwanza nilitema. La pili nilimeza, na hakuna aliyenilazimisha.

Glasi ikiwa bado mkononi, Bare, mlinzi wa langoni, alikuja kuniambia shemeji yangu yuko nje anatweta, mkewe anajifungua na damu haikomi. Unajua sheria ya hapa tangu majambazi wazidi: mgeni haingii bila mfanyakazi kumdhamini. Kilichohitajika ni mimi kutoka tu. Lakini wewe ni maalim, na mdomo wangu ulinuka. Nilimwambia Bare akuambie nimesafiri Garissa. Alinitania kwamba namwogopa shemeji kuliko Mungu. Nikaenda kupiga mswaki na kutafuna iliki. Nilipotoka ulikuwa umeondoka, nikajiambia umepata msaada kwingine. Gari la daktari lilikuwa kivulini, tangi limejaa.

Msibani ulinishika bega, ukasema nisijilaumu kwa kuwa sikuwepo. Nilikuwepo, Maalim. Hatua arobaini kutoka pale uliposimama; nimezipima.

Kazi nimeacha. Ijumaa, baada ya sala, nitakuwa nje ya msikiti wenu. Leta wazee ukitaka, au njoo peke yako. Nikikusalimu usipoitikia, nitaelewa.

Mbusu Hadiyo kwa niaba ya mjomba wake.

Ni mimi shemeji yako,
Abdikafi Warfa