Kishimo cha Shavu la Kushoto

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, na harufu ya rangi juu yake, maana nimekaa kukuandikia hata mikono sijaisugua vizuri. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa vidole vyangu viwili vyenye plasta, na habari yake inakuja.

Katika barua yako iliyopita uliniuliza habari za Baba, nami nikakujibu habari za mvua. Nisamehe. Ukweli ni kwamba tangu mkono wake wa kulia uanze kutetemeka, akashindwa kunyoosha herufi kwenye bango la duka la dawa, alinikabidhi brashi zake zote nizitupe, akakigeuzia kiti chake ukutani. Mchora mabango wa miaka arobaini! Kwa siku nzima ungepata kwake "ndiyo" au "hapana", na sahani yake ilirudi nusu. Brashi sikuzitupa, nilizificha kwenye kabati la vitambaa. Lakini niliogopa kwamba tunampoteza huku tunamwona, na sikuwa na moyo wa kukuandikia hivyo.

Sasa sikiliza. Mpwa wako amerudi kutoka chuoni na makopo matatu ya rangi ya kupuliza na ufundi mpya unaoitwa stensili. Unachukua kadi ngumu, unalikata umbo kwa wembe, unailaza kadi juu ya karatasi, unapuliza rangi. Ukiiinua, umbo limebaki chini, kingo zake kali kabisa. Basi, kwisha kazi! Nilimcheka, nikamwambia huo ni ushonaji uliokosa uzi. Kabla ya saa sita nilikuwa nimeshamnyang'anya wembe, na ndipo plasta zilipoanza.

Tulianza na picha ya mkasi wangu. Bango la kwanza lilivuja kama pua ya mtoto, kwa sababu nilipuliza karibu mno. Haraka haraka haina baraka. La pili likatoka safi, nikalibandika juu ya cherehani na wateja wanaliulizia. La tatu tulilipulizia uani, tumejifunga barakoa kama madaktari, upepo ukageuka, na shati jeupe la shemeji yako lilikuwa kwenye kamba. Alilitazama shati, akatutazama sisi, akaenda zake. Siku hizi analivaa kazini na kuwatambia wenzake kwamba duniani hakuna la pili lake.

Kumbe Baba alikuwa anasikia yote. Kopo lile lina gololi ndani, ukilitikisa linagonga ko-ko-ko, na kila lilipogonga kiti chake kilisogea kidogo kutoka ukutani. Mimi nilijifanya sioni.

Ndipo nikapata wazo la kuutengeneza uso wa Mama, kwa kuwa picha yake ya sebuleni imeliwa na jua. Hapa cheka ukitaka, maana kosa hili lingefanywa na fundi cherehani peke yake. Kwa mazoea yangu ya miaka ishirini niliikunja kadi katikati, kama ninavyokunja kitambaa cha gauni, nikachora nusu ya uso, nikakata mara moja ili pande zilingane. Tukapuliza. Mwanamke aliyetokea alikuwa mrembo kweli, nyusi sawasawa, vishimo viwili mashavuni. Mpwa wako akashangilia. Mimi sikushangilia, kwa sababu sikumjua, na sikujua kwa nini.

Nikasikia sauti nyuma yangu. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama yenu alikuwa na kishimo kimoja," alisema. "Shavu la kushoto. Huyu ni nani mmemleta?"

Maneno kumi na matatu, mdogo wangu. Miezi mitano sikuwahi kusikia matatu yamefuatana. Nilikaa pale pale sakafuni nikalia, na wembe mkononi.

Yeye hakunibembeleza, unamjua. Alivuta kigoda, akaagiza kadi mpya, akakataza isikunjwe. Kwa kidole alinionyesha nyusi moja ipande, mdomo ulegee upande mmoja kama Mama alipotaka kututania, kishimo kiwe kimoja tu. Nilikata kila alipoonyesha. Nilipomaliza nikachukua kopo, akaninyooshea mkono wa kulia, ule ule.

Nilisita. Akaliona hilo, akasema, "Kazi ya kutikisa niachieni mimi. Mkono wangu hausubiri kuamrishwa."

Alitania! Kisha akapuliza. Mkono ulitetemeka, rangi ikatapakaa juu ya kadi huku na huko, mimi nimeziba mdomo. Tulipoiinua kadi, Mama alikuwa pale anatutazama, na hakuna ukingo hata mmoja uliokuwa umeyumba. Rangi yote iliyopotea njia ilibaki juu ya kadi. Baba aliinama, akaufuata mstari wa shavu kwa macho, kutoka sikioni hadi kidevuni, akarudia tena. Halafu akaomba chakula.

Tangu siku hiyo kiti kinatazama mlango. Ametupulizia mabango sita, ananigombeza kuhusu wembe wangu butu, na mpwa wako sasa anamwita Bosi. Moja la Mama nimelikunja humu ndani ya bahasha kubwa. Usiliweke juani, tafadhali.

Nisalimie sana wifi, uwabusu watoto mmoja mmoja na uwaambie shangazi amegeuka rangi ya bluu. Shemeji yako na mpwa wako wanakusalimu. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, na siku moja akurudishe mlangoni kwetu.

Baba ameniomba nafasi hapa chini. Nimemrudishia brashi yake nyembamba, na wala hakuuliza ilikuwa wapi.

Wako akupendaye daima,
Dada yako.

*Mwanangu, uliuliza. Mkono bado unatetemeka. Mimi sijambo. Baba.*