Vigae vya Kusomea

Baba, ndaga, nakusalimu.

Ni mimi, Atupele, yule uliyesema nina maneno mengi kuliko soko la Ipinda. Nakuandikia kwa Kiswahili, maana ndicho ulichonifundisha kuandikia. Kikisi chetu tulikiachia mdomo. Wala usianze kuukagua mwandiko wangu.

Asubuhi ile baada ya matanga yako, watoto walikuja ufukweni kama kawaida, wakakaa palepale walipozoea. Niliwafokea, "Rudini kwenu, mwalimu hayupo!" Hakuondoka hata mmoja. Tusekile, kale kabinti kadogo ka jirani yetu Mama Ambakisye, kakanyoosha kidole kwenye fimbo yako ya kuandikia. Nililia mbele yao, Baba, sikuona haya. Nilipomaliza nikaichukua fimbo, nikaanza kuandika mchangani.

Tukacheza mchezo wako. Unaandika neno pale mchanga ulipolowa, na mtoto alisome kabla wimbi halijafika. Akiliwahi, anaruka nyuma anacheka. Akichelewa, ziwa limekula neno na yeye ameloa hadi magotini. "Soma, soma, Nyasa ina njaa!" Ulikuwa ukipiga kelele hivyo huku umepandisha shuka mapajani, mtu mzima na mvi zako, wavuvi wakikucheka. Nilipokuwa mdogo nilitamani ardhi inimeze. Sasa napiga kelele zilezile, mpaka sauti imenikauka.

Basi, ikaja habari kwamba yule bwana wa misheni aliyekusomea sala kaburini atapita baada ya mavuno ya mpunga kuwapima watoto. Wakisoma vizuri, darasa linabaki hapa Ikombe. Wasiposoma linafungwa, na anayetaka shule avuke kwa mtumbwi hadi ng'ambo. Hebu niambie, nani atamvusha Tusekile kila siku kwenye mawimbi yale? Ungekuwa mwisho wa kusoma kwa wadogo wote, na mwisho wa kazi yako uliyoihangaikia maisha yote. Chakula kilinishinda, Baba. Niliogopa kweli.

Kwa kuwa wimbi lilikuwa linatunyang'anya maneno upesi mno, nikawapa watoto udongo wafinyange herufi za kuchezea. Nikawaambia waanike juani tu, basi. Hee! Watoto wa wafinyanzi waache kitu bila kukichoma? Siku ya kuchoma vyungu walizificha herufi zao ndani ya vyungu vya mama zao, nene, mbichi bado, wakaenda zao kimya. Moto uliposhika zikaanza kupasuka. Paa! Paa! Zikapasua na vyungu. Wanawake waliokuwa wameshaandaa mitumbwi ya kwenda kubadilishana vyungu na mahindi wakabaki na majivu na vigae. Na kile chungu kikubwa cha Mama, cha kwanza kukifinyanga tangu ulipotuacha, kilikuwamo.

Mama Ambakisye alinijia mikono kiunoni. "Herufi zako zinaliwa? Zinapikwa na ndizi?" Kesho yake hakuja mtoto hata mmoja. Mimi unanijua, nilitaka kuwafuata majumbani nikawape zao. Mama akanishika nguo, akasema, "Kaa." Neno hilohilo moja, kama alivyokuwa anakuambia wewe ukipandisha hasira.

Halafu na yeye akakaa, akamwaga vigae vya chungu chake juu ya mkeka, akaanza kuviunganisha, hiki na hiki, ajue ufa ulianzia wapi. Wafinyanzi wetu wote hufanya hivyo chungu kikipasuka motoni. Nimeliona jambo hilo tangu utoto wala sikuwahi kulifikiria. Nikamtazama. Nikaenda jikoni kuchukua mkaa.

Niliandika neno moja refu juu ya vigae vilivyokwisha kuunganishwa, kila kigae na silabi yake, kisha nikavichanganya. Mchezo ni huu: unaokota kigae chako, unamtafuta mwenye kigae kinachoshikana nacho. Kingo zikikubaliana, silabi zimekaa mahali pake, na neno linasomeka. Kingo zikikataa, jaribu kwingine, na mwalimu hana haja ya kumkaripia mtu. Tusekile ndiye aliyekuja kuchungulia kwanza, wakafuata wenzake, na nyuma yao mama zao, eti wanatafuta watoto. Mama Ambakisye alisimama kando amenuna. Mara nikasikia, "Siyo hicho wee, kile chenye rangi nyekundu ya ngeu!" Kumbe naye anacheza! Siku iliyofuata alileta ungo mzima wa vigae vyake, akautua bila kunisalimia, akakaa karibu. Ungecheka, Baba. Ungecheka mpaka ukohoe.

Bwana wa misheni alipofika alikuta ufukwe umejaa watu. Akatoa kitabu chake, watoto wakasoma. Sitakudanganya, wako waliokwama, na Ambakisye, kaka yake Tusekile, aliruka mstari mzima bila wasiwasi wowote. Lakini Tusekile aliusoma ukurasa wake mpaka chini, kidole kikifuata maneno, na wanawake wakampigia vigelegele kama bibi harusi. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa mtumbwi. Bwana akafunga kitabu, akasema darasa litabaki.

Kisha akatoa kalamu, akawauliza watoto mwalimu wao ni nani.

Wakajibu wote kwa pamoja, kwa ile sauti yao ya kuimba, "Mwalimu Asajile!" Jina lako, Baba. Bwana akanigeukia. Mama akainamisha kichwa. Sikuwasahihisha. Naye bwana akaandika vilevile walivyosema.

Pumzika sasa, mzee wangu. Mama anafinyanga tena, anakula, na jioni anaongea kidogo. Nakuahidi hili: maadamu nina pumzi, hakuna mtoto wa Ikombe atakayevuka maji kutafuta herufi. Na pumzi ikiniishia, Tusekile atakuwa ameshakua.

Mwanao,
Atupele