Kwasari Si Kwa Siri

4 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Kifua kimepona? Huku sote wazima, anayekohoa ni cherehani tu.

Wateja wameniuliza unafanya kazi gani huko chuoni, nikawaambia ni mnajimu. Basi mwalimu wa chekechea, huyu ninayemshonea gauni la harusi, kaniletea tarehe yake ya kuzaliwa na ya mchumba wake. Anataka umtazamie kama nyota zao zinapatana. Nimemwahidi jibu. Usiniaibishe.

Mama yako


19 Februari

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepona, ila barua yako imenipa kwikwi. Mimi siagui! Unajimu wangu ni wa kupima mwanga. Msomee mwalimu hivi, neno kwa neno: nachunguza kwasari, yaani kitovu cha galaksi ya mbali sana. Katikati yake kuna shimo jeusi linalomeza kila kinachosogea karibu, na vinavyomezwa hupata joto vikang'aa, hata ukitazama kwa nje unaona uzuri mtupu.

Kwasari yangu inafifia, mama. Mwaka juzi iling'aa mara nne ya sasa. Profesa anasema nimekosea vipimo, eti kwasari haizimiki kama taa ya jikoni. Nimepewa hadi Juni nithibitishe, la sivyo nafasi yangu ya utafiti anapewa mwingine. Niombee.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu,

U mzima? Mimi presha imepanda, na aliyeipandisha ni wewe.

Nilimsomea neno kwa neno, kama ulivyoagiza. Nilipofika kwenye kwasari akadakia, "Kwa siri?" Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa, miwani yangu unaijua. Nilipofika kwenye shimo linalomeza kila kitu huku nje ni uzuri mtupu, akakaa chini puu. "Mama fundi, ni mchumba wangu huyo, mzima mzima!"

Jioni ileile akavunja uchumba. Gauni nimeivisha sanamu, halina mwenyewe. Na mama wa yule bwana kaja kunitukana mbele ya wateja, kidole hiki hapa puani.

Eleza upesi ulimaanisha nini.

Mama yako


20 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Nilimaanisha shimo jeusi! Tafadhali nenda kwa mwalimu leo hii umwambie kwamba mimi simjui mchumba wake hata kwa sura.

Kwangu nako si kwema. Profesa amelikataa andiko langu. Kasema mbele ya wenzangu wote kwamba naona ninachotaka kukiona. Nimeanza kufungasha vitabu. Usinibembeleze, mama, nimechoka.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Umeamkaje huko? Sikubembelezi.

Nilikwenda. Nikamwambia mwalimu, "Binti yangu hajui habari za ndoa, hata yake mwenyewe hajaianza." Akacheka mpaka akashika mlango. Kumbe alishauliza mitaani mwenyewe: bwana yule ana mchumba mwingine, na gauni la huyo wa pili linashonwa kwa fundi mwenzangu wa pale kona! Mama mtu amenitumia salamu za aibu. Nimezipokea.

Sasa wewe. Mteja akinigombeza kwamba nimembana kiuno, mimi sibishani naye. Nafungua daftari la miaka ishirini nyuma, namwonyesha kiuno alichokuwa nacho. Hao waliokutangulia hapo chuoni hawakuacha madaftari?

Mama yako


30 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza kweli, maana barua yangu ya Aprili hujaijibu. Kama una raha, niandikie. Kama umekasirika, niandikie hivyohivyo na hasira zako.

Mama yako


14 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Nilikuwa stoo, chini kabisa ya jengo letu, kwa wiki saba, nikipiga chafya.

Madaftari yapo! Ni picha za anga zilizopigwa juu ya vioo kabla sijazaliwa, makabati kwa makabati, hakuna aliyeyagusa. Kwasari yangu imo katika vioo thelathini na kimoja. Ilishafifia, mama! Ikang'aa, ikafifia tena. Hiyo ndiyo tabia yake. Mwanga wake umesafiri miaka bilioni nne mpaka ukafika kwenye vile vioo, halafu sisi tukaufungia kabatini.

Nilimpelekea profesa. Akatazama kwa lenzi, kioo baada ya kioo, chai ikampoa. Mwisho akauliza, "Nani alikushauri utafute huko stoo?"

Nikasema, "Fundi cherehani."

Akasema, "Yuko idara gani?"

Andiko limepita na nafasi yangu nimebaki nayo. Nimefungua masanduku ya vitabu nikakaa sakafuni nikalia kidogo. Nilitamani uwepo.

Mwanao


25 Juni

Mwanangu,

Sote wazima, na mimi kuliko wote. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya nne nikamsomea mwalimu wa chekechea, tukalia sote wawili juu ya kitambaa cha mteja.

Mwambie profesa wako niko idara ya mbele, dirishani, mashine ya kwanza.

Neno moja tu. Miaka bilioni nne, na mwanga umefika. Barua kutoka kwako mpaka hapa ni siku sita. Jitahidi.

Mama yako